Dhamira, mhusika, lugha au historia: insha yako ya uhakiki ipitie mlango upi?

Soma sentensi hizi mbili. Zote zinafungua aya katika insha ya mwanafunzi kuhusu Macbeth, tamthilia ya William Shakespeare juu ya jemadari anayemuua mfalme wake ili atawale yeye.

Ya kwanza: "Katika tamthilia hii mwandishi amejadili dhamira ya tamaa ya madaraka, ambayo ni tatizo kubwa katika jamii."

Ya pili: "Usiku wa mauaji mke wa Macbeth anasema maji kidogo tu yatatosha kuwasafisha, lakini mara ya mwisho tunapomwona anatembea usingizini huku akisugua mikono ambayo haina kitu."

Ile ya kwanza haina kosa la sarufi wala uongo ndani yake. Lakini mtu ambaye hajafungua kitabu angeweza kuiandika, na ukiondoa neno "tamthilia" ukaweka "riwaya" itafaa kazi nyingine mia. Ya pili imeng'ang'ania kitabu kimoja, kurasa mbili zilizo mbali mbali, mwanamke mmoja na mikono yake. Nimesoma insha za wanafunzi kwa miaka mingi, na mara nyingi aliyeandika ya kwanza si mvivu wala hana akili ndogo kuliko aliyeandika ya pili. Ameingia kwa mlango ambao haukuifaa kazi aliyopewa, au ameingia kwa mlango sahihi akasimama kizingitini.

Milango mikubwa ni minne. Unaweza kuanza na dhamira, na mhusika, na lugha ya kifungu kimoja, au na historia iliyoizunguka kazi. Kila mmoja una mtego wake, na inafaa uilinganishe kabla ya kuandika, si baada ya kukwama kwenye aya ya tatu.

Dhamira

Huu ndio mlango wenye msongamano. Wengi wetu tulifundishwa fani na maudhui kama orodha mbili za kukariri, kwa hiyo mtu akiambiwa achambue riwaya, mkono unaandika "dhamira zifuatazo zimejitokeza" kabla kichwa hakijafikiri. Kisha zinapangwa: mapenzi, usaliti, tamaa, nafasi ya mwanamke. Kila moja inapata aya yake na nukuu yake, na hakuna inayozungumza na mwenzake.

Mtego uko katika kudhani kwamba dhamira ni neno. Tamaa ni mada tu. Dhamira ni kile ambacho kazi inasema juu ya tamaa, nacho hakisemeki bila sentensi kamili. Mimi hutumia kipimo cha "kwamba". Andika "Tamthilia inaonyesha kwamba", kisha jilazimishe kumalizia. Ukiandika "inaonyesha tamaa" unaweza kuweka nukta na kuondoka. Ukiandika "inaonyesha kwamba" huwezi. Ukimalizia na "kwamba tamaa ni mbaya", rudi tena, maana hakuna msomaji atakayekupinga, na dai ambalo hakuna wa kulipinga halihitaji insha. Lakini ukimalizia na "kwamba kiti cha enzi kinamnyang'anya Macbeth vile vile alivyotarajia kimpe, yaani usingizi, heshima ya wageni mezani na rafiki wa kuzungumza naye", hapo una kazi ya kufanya, na kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina onyesho lake.

Mlango huu unafaa zaidi kazi ambazo zenyewe zimejengwa kama hoja. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, ni mfano mzuri. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria katika nchi inayoelea angani, na utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mema ya nchi nyingine, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Mwanafunzi anayeandika "dhamira ya ukosefu wa haki" amesema ambalo kila mtu ameliona. Anayeuliza kwa nini sita, kwa nini mjumbe mmoja asingetosha, ameanza uhakiki. Marudio yale ndiyo yanayogeuza kosa la siku moja kuwa desturi ya utawala. Tukifika kwa mjumbe wa nne tunaujua mwisho wake kabla hajaondoka, na kuujua huko ndiko kunakotuuma. Hapo dhamira imetoka ndani ya muundo, haikubandikwa juu yake.

Mhusika

Kuandika juu ya mhusika kunapendeza, kwa sababu watu hupenda kuzungumza juu ya watu. Hatari zake ni mbili. Moja ni kusimulia hadithi upya, "kisha akaenda, kisha akamuua", mpaka ukurasa umejaa na hakuna dai hata moja. Nyingine ni kumhukumu mhusika kama jirani: huyu mkatili, yule mpole, huyu angemsikiliza mkewe mambo yasingeharibika. Mhusika hana maisha nje ya maneno aliyoandikiwa. Swali la mhakiki ni jinsi maneno hayo yanavyotufanya tumwone hivi na si vile.

Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka 1818, inaonyesha vizuri jambo hili. Tuanze na jina, maana kosa hili nalikuta karibu kila mara: Frankenstein ni muumbaji, Victor. Kiumbe wake hapewi jina lolote. Halafu kuna swali la nani anasema. Robert Walton, msafiri aliyekwama kwenye barafu ya kaskazini, anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua kuna simulizi ya Victor. Ndani ya simulizi ya Victor kuna maneno ya kiumbe. Kwa hiyo kiumbe anapoeleza jinsi alivyojificha ubavuni mwa nyumba ya familia moja na kujifunza lugha kwa kuwasikiliza, maneno yake yanatufikia yakiwa yamepita katika kinywa cha mtu anayemchukia na kalamu ya mtu anayempenda huyo anayemchukia. Ni kurasa za mwisho tu ambapo Walton anakutana naye uso kwa uso. Insha inayolinganisha kiumbe wa katikati ya kitabu na kiumbe wa kurasa zile za mwisho ina jambo la kusema, na wala haihitaji kuamua kama ni mwema au mwovu.

Je, mlango huu unafaa kila kazi? Haufai, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Katika Kusadikika, waziri anayemshtaki Karama anaitwa Majivuno. Jina limekwisha kufanya kazi yake kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Wahusika wa namna hii ni wa kiishara. Ukitafuta mgogoro wa nafsi ndani yao utaandika aya mbili na kuishiwa, kisha utajilaumu bure. Macbeth ni kinyume chake. Ana uzungumzinafsi mrefu ambamo anabishana na yeye mwenyewe, anataja sababu za kutomuua mfalme moja baada ya nyingine, na bado anamuua. Palipo na pengo kati ya anachokisema mhusika na anachokitenda, pita mlango huu bila kusita.

Lugha ya kifungu kimoja

Nakiri nina upendeleo hapa. Mwanafunzi akiniuliza achague nini kwa insha fupi, namwambia achukue kifungu kimoja, kisizidi ukurasa, akikalie.

Chukua lile onyesho la usingizini, mwanzo wa tendo la tano la Macbeth. Daktari na mhudumu wa kike wamesimama gizani wanasubiri. Mke wa Macbeth anaingia na mshumaa mkononi. Daktari anauliza ameupata wapi, na mhudumu anajibu kwamba siku hizi taa haikosekani karibu naye, ni amri yake mwenyewe. Wengi husoma mstari huo wakaupita, kwa sababu macho yanakimbilia damu. Simama hapo. Rudi kwenye tendo la kwanza, anapopata habari kwamba mfalme atalala kwake. Aliita nini? Aliita usiku mzito uje, ili kisu kisione jeraha linalochimbwa. Yule aliyeliita giza sasa hawezi kulala bila mwanga. Hakuna mhusika anayesema hivyo mahali popote katika tamthilia. Shakespeare ameweka mshumaa tu na jibu la mhudumu, basi.

Endelea. Katika matendo ya mwanzo mwanamke huyu huzungumza kwa mistari ya mizani, sentensi zake zimenyooka kama amri. Hapa amepoteza mizani. Anazungumza kwa nathari, yaani lugha ya kawaida isiyopimwa, vipande vipande, anahesabu saa, anauliza maswali asiyoyajibu, anaruka kutoka usiku mmoja kwenda mwingine. Mhudumu anasema ameshamwona akinawa hivyo kwa robo saa nzima. Na ile kauli ya maji: baada ya mauaji Macbeth ndiye aliyeogopa kwamba hata bahari yote haitaosha mkono wake, na mkewe akamjibu kwamba maji kidogo yatatosha. Sasa ni mke anayesema manukato yote ya Arabuni hayataweza kuutia harufu nzuri mkono wake mdogo. Hofu imehama kutoka kwa mume kwenda kwa mke, na imehama ikiwa na umbo lile lile: kitu kikubwa mno kikishindwa na mkono mmoja.

Tazama tulipofika kwa ukurasa mmoja tu. Tuna mwanga na giza, mizani na nathari, maji na manukato, na kila kimoja kimetupeleka sehemu nyingine ya tamthilia na kuturudisha. Ukitaka dhamira ya hatia, sasa unayo, tena umeichimba mwenyewe.

Gharama ya mlango huu ni kwamba huwezi kuupita ukiwa na muhtasari. Lazima uwe na maandishi yenyewe, na lazima ujue ni maandishi ya nani. Ukisoma tafsiri, neno unalolichambua ni la mfasiri. Julius Nyerere alipoifasiri The Merchant of Venice, tafsiri iliyotoka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Katika jina la asili mfanyabiashara ni mmoja. Nyerere ana mabepari, wengi, na neno lenye uzito wa siasa ambao jina la asili halina. Ukiandika aya nzuri juu ya neno "mabepari" umemchambua Nyerere. Ni uchambuzi halali kabisa, na mimi ningefurahi kuusoma, mradi insha iseme hivyo. Angalia na toleo pia. Frankenstein ya 1818 si ile ile ya 1831: katika ya kwanza Elizabeth, mchumba wa Victor, ni binamu yake, katika ya pili ni yatima aliyechukuliwa kulelewa. Hoja iliyojengwa juu ya undugu wao itasimama katika kitabu kimoja na kuanguka katika kingine.

Historia

Mlango huu unavutia wanaopenda kusoma nje ya kitabu, na una mtego mmoja mkubwa: historia huimeza insha. Mtu anaandika kwamba Mary Shelley alianza Frankenstein akiwa na miaka 18, karibu na Geneva, katika kiangazi cha baridi na mvua cha 1816, mwaka mmoja baada ya mlima wa volkano Tambora kulipuka. Kwamba mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa. Kwamba kitabu kilitoka bila jina lake. Yote ni kweli, yote yanasisimua, na kurasa mbili zimekwisha bila kugusa sentensi moja ya riwaya.

Kipimo changu ni hiki: ifute ile habari ya kihistoria, kisha usome tena kifungu. Kama hakijabadilika machoni pako, habari hiyo haikuwa na kazi. Wacha nitoe moja yenye kazi. Macbeth iliandikwa karibu 1606, na mfalme wa Uingereza wakati huo, James, aliyekuwa pia mfalme wa Uskochi, aliaminiwa kuwa wa uzao wa Banquo, jemadari mwenzake Macbeth. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambacho Shakespeare alikitumia, Banquo anajua mpango wa kumuua mfalme na anashirikiana na Macbeth. Shakespeare amemtoa katika njama. Ukishajua hilo, rudi mwanzo wa tendo la tatu. Banquo yuko peke yake, anasema anahofia Macbeth ameupata ufalme kwa hila. Kisha Macbeth anaingia, na Banquo hamwambii kitu. Anaahidi utiifu na kupanda farasi wake. Kabla ya kuijua historia, huenda ungeupita ukimya ule. Sasa unaulizika: mwandishi amemsafisha babu wa mfalme, au amemsafisha nusu tu na kumwachia ukimya wake? Insha inaweza kukaa hapo na isitoke.

Basi uchague vipi

Kwanza soma kitenzi cha swali, maana mara nyingi mlango umeshachaguliwa. "Jadili dhamira" na "changanua kifungu hiki" si maagizo ya kubadilishana. "Fafanua nafasi ya mhusika" haisemi "eleza sifa zake". Nafasi ni kile ambacho kingeharibika katika kazi kama mhusika huyo angeondolewa. Wanafunzi hupoteza alama nyingi hapa kuliko kwenye tahajia, na inaniuma kila mara kwa sababu insha yenyewe huwa nzuri, ila imejibu swali jingine.

Kama umeachiwa uhuru, angalia urefu. Kwa maneno 800 dhamira ni pana mno, labda uifinye kwa kitu kimoja kinachoonekana, kama meza ya karamu au mlango unaogongwa. Kifungu kimoja au mhusika mmoja katika maonyesho mawili vinatosha. Kwa maneno 2,500 kifungu kimoja kinaweza kukuchosha, na hapo dhamira iliyofungwa kwenye muundo, au historia iliyofungwa kwenye kifungu, ina nafasi ya kupumua. Kwenye chumba cha mtihani bila kitabu, lugha ni ngumu isipokuwa una mistari kichwani. Mhusika ni salama zaidi, kwa sababu matendo yanakumbukika hata pale maneno kamili yanapoteleza.

Kisha fanya jaribio dogo ambalo halichukui hata nusu saa. Fungua kitabu chako na uhesabu ulipopigia mistari. Kama alama zako nyingi ziko kwenye maneno ya mtu mmoja, umeshachagua mhusika bila kujua. Kama ziko kwenye picha inayojirudia, nenda na lugha. Kama hakuna alama hata moja, tatizo si mlango. Kitabu bado hakijasomwa, na muda wa kulinganisha njia utumie kukisoma.

Kuhusu sampuli za insha zilizoandikwa na wengine: nazo zina nafasi, lakini zisome baada ya rasimu yako ya kwanza. Ukizisoma kabla, jicho lako litaona katika kitabu kile tu zilichokuonyesha, na huwezi kuliosha. Zikija baada, tafuta jambo moja: mwandishi ametumia sentensi ngapi kati ya nukuu na dai lake linalofuata. Insha dhaifu huweka nukuu kisha inasema "hii inaonyesha tamaa". Insha nzuri husimama kwenye nukuu sentensi tatu au nne, ikigusa neno, mahali lilipokaa, nani anasikia. Na kila nukuu unayoikuta kwenye insha ya mtu mwingine, au iliyotolewa na programu ya kompyuta, ifuate kitabuni kabla ya kuiandika. Nimekuta mistari mizuri sana ambayo haimo katika tamthilia yoyote.

Umeombwa kulinganisha kazi mbili? Usilinganishe mada, kila kitabu kina kifo na mapenzi. Tafuta tukio lenye umbo moja. Victor anafanya kazi karibu miaka miwili, kiumbe anafungua jicho usiku wa Novemba, na muumbaji anakimbia chumba. Macbeth anaua, mlango unagongwa, na jambo la kwanza analolitamani ni kwamba mgongaji angeweza kumwamsha mfalme. Wote wawili wamepata walichokitaka, na saa hiyo hiyo wanataka kukirudisha. Usiandike nusu ya insha juu ya mmoja na nusu juu ya mwingine, maana msomaji atakuwa amemsahau Victor atakapofika kwa Macbeth. Waweke katika aya moja: mlango ambao Victor anaukimbia, mlango ambao Macbeth anausikiliza, kisha uliza kwa nini mmoja ana miguu ya kukimbia na mwingine amesimama pale pale, mikono ikiwa bado na damu.